Gambuti za Ndugu Yangu

Kama umeambiwa ni saratani ya koo, na daktari amesema sanduku la sauti litatolewa, keti chini usome hii. Mimi nimepita huko. Niko hai, nakula ugali ukiwa laini, napumua kwa tundu lililo shingoni, na Jumapili naenda kanisani. Mambo ya daktari sitakufundisha, sikuyasomea. Mimi niliishia darasa la tatu. Nitakuambia yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu.

Kijana wangu Kamau ndiye amenakili haya kutoka kwa daftari langu. Amerekebisha herufi tu. Akijaribu kulainisha maneno namnyang'anya.

Mimi ni mtu wa mawe. Nilianza na nyundo na tindo kwenye machimbo, nikawa fundi wa kujenga, mwishowe nikajenga nyumba zangu za kupangisha hapa Kiganjo, Thika, jiwe kwa jiwe, bila mtu kunishika mkono. Kanisani nimekuwa mzee wa kanisa miaka ishirini. Mke wangu alitangulia zamani. Na sauti yangu ilijulikana. Nikisimama kuomba, kipaza sauti kilizimwa, hakikuwa na kazi.

Ilianza kukwama wakati wa kiangazi. Nikasema ni vumbi la mawe. Nikatafuna tangawizi, nikalamba asali, nikanywa maji moto yenye chumvi. Mvua ndefu ikaja, watu wakapanda, sauti bado inakwaruza. Kamau akaja kuniona kutoka Mugutha, kule Ruiru, anakokaa na familia yake.

"Baba, unasikika kama lango bovu. Twende hospitali."

"Lango bovu ni la babako."

"Si ndiyo nasema."

Tukaenda. Chumba cha kungojea kina benchi ndefu na runinga isiyo na sauti. Kila mtu ameshika bahasha kubwa ya kaki mapajani, na hakuna anayeuliza mwenzake ndani ya bahasha kuna nini. Walinitia kamera puani, wakakata kipande cha nyama, wakaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Hizo wiki mbili ni ndefu kuliko upasuaji. Jipange.

Daktari alikuwa mama kijana, mdogo kuliko Kamau. Akaniuliza, "Mzee, umewahi kuvuta sigara?"

"Nimeokoka miaka thelathini."

"Sijauliza hiyo."

"Nilivuta. Sana."

Akanieleza polepole. Sanduku lote litatoka. Sauti niliyozaliwa nayo haitarudi. Upasuaji ni baada ya siku kumi na moja. Kisha akasema neno moja ambalo nilitamani asiseme: "Kama kuna watu unataka kuongea nao, ongea nao siku hizi."

Tukiwa nje Kamau akaniuliza ninafikiria nini. Nikamwambia nafikiria nyumba, nani atakuwa akiongea na wapangaji. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nafikiria gambuti.

Sasa nikuambie habari ya gambuti, maana bila hiyo ugonjwa wangu hutauelewa.

Nilikuwa na ndugu mdogo. Akafa, akaacha mke wake Nyambura, hawakupata mtoto. Ploti yao imepakana na yangu. Mimi nilijiona nimekuwa mwenye boma zote mbili. Nikawa naingia kwake naamuru: ng'ombe huyu auzwe, mti huu ukatwe, hapa pandeni nepia, nyasi za ng'ombe. Siku moja, mafundi wangu wakiwa wanasikia, Nyambura akaniambia bila kupandisha sauti, "Baba Kamau, hapa ni kwangu. Huko kwako ongea vile unataka." Mafundi wakainamisha vichwa, lakini nilijua wanacheka. Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, sembuse mwanamke.

Baada ya hapo ikasemwa kwamba Nyambura ana mwanamume. Mambo ya vibandani. Sasa, kanisa letu lina desturi. Kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana, wazee tunaketi na kuuliza habari za kila nyumba. Aliyeanguka anawekwa chini ya nidhamu: haonji mkate wala kikombe, na anaketi benchi la mwisho karibu na mlango mpaka atakaposimama aungame mbele ya watu. Lakini hatumtengi mtu kwa fununu. Mchungaji huuliza, "Nani ameona?"

Aliuliza. Mimi nikasema, "Mimi. Kwa macho yangu."

Nilikuwa nimeona nini? Asubuhi moja ya mvua nilipita kwake nikaona gambuti za mwanamume mlangoni, zile buti ndefu za mpira, zimepangwa vizuri, vidole vikielekea nje. Hiyo tu. Mwanamume mwenyewe sikumwona. Lakini kwenye kikao nilimvalisha zile gambuti mtu mzima, nikampa kofia na kimo.

Nyambura akaitwa. Akaniangalia, akawaambia wazee, "Nikiungama kitu sijafanya, Mungu atanijua kweli?" Akaenda akaketi benchi la mwisho.

Mwezi haukuisha, akanipata kwenye ua. "Baba Kamau, zile gambuti ni za ndugu yako. Naziweka mlangoni ndio mwizi ajue kuna mwanamume ndani. Wajane wote hapa wanafanya hivyo. Na wewe ndiye ulimnunulia."

Ilikuwa kweli. Nilinunua jozi mbili siku moja mjini Thika, yake na yangu. Kama ningeinama kidogo pale mlangoni ningezijua, zilikuwa na kiraka cha tairi kwenye kisigino. Sikuinama kwa sababu sikutaka kujua.

Ningerudi kwa wazee siku hiyo hiyo. Sikurudi. Mzee wa kanisa arudi aseme macho yake yalidanganya? Nikanyamaza miaka sita. Na miaka sita yule mama aliketi pale, kila Meza, mikono mapajani, sinia ya mkate inampita. Hakuhama kanisa, hakuungama. Mara nyingine aliyebeba sinia alikuwa mimi.

Basi hizo ndizo siku kumi na moja nilizopewa. Nilijua nitajibu mbele za Mungu kwa kila neno nililotoa kinywani, hilo nimelihubiri mwenyewe. Nilijua kinywa bado ninacho. Watu hufikiri mgonjwa anaogopa kifo. Mimi niliogopa sura ya mzee Gathogo, mwenzangu wa kikao, nikimwambia nilidanganya.

Siku ya tisa wazee wakaja nyumbani kuniombea na kunipa Meza kitandani. Gathogo ndiye aliongoza. Tumekuwa wazee pamoja tangu mwanzo. Akasema mbele ya wote, "Huyu ni mtu ambaye neno lake ni jiwe. Halijawahi kurudishwa." Wakaitikia. Na nani alikuwa jikoni akiwapikia chai? Nyambura. Alikuja bila kuitwa, akawasha jiko, akakata mikate. Akaingiza birika, akawamiminia watu waliomtenga, akarudi jikoni wakati mkate wa Bwana ulipotolewa, maana haukuwa wake. Kati yangu na yeye palikuwa na pazia tu.

Sauti ilikuwepo. Mbovu, lakini ilikuwepo. Ningesema maneno manne. Nilifungua kinywa, nikala mkate, nikasema, "Asanteni kwa kuja."

Siku ya upasuaji sista alinivua nguo akanivalisha ile shuka ya kufungwa nyuma. Wakaanza kusukuma kitanda kwenda thieta, chumba cha upasuaji. Nilikuwa na viatu vya ngozi, vipya. Nikamwambia Kamau, "Hizo viatu zangu zisipotee." Mlango ukafungwa. Hilo ndilo neno la mwisho nililosema kwa sauti niliyopewa na Mungu.

Nilipoamka nilijaribu kuita. Hakuna. Si kama sauti imepotea kwa homa, ambapo hewa inapita angalau. Hapa hewa haifiki kinywani kabisa. Huwezi kunong'ona wala kupuliza chai. Pua hainusi kitu. Ukikohoa, makohozi yanatoka shingoni, na mara ya kwanza utashtuka. Usijiangalie kwenye kioo wiki ya kwanza. Mimi nilijiangalia.

Watu watakupigia kelele kama umekuwa kiziwi. Wengine watamuuliza mtoto wako habari zako ukiwa umesimama hapo. Niliandika kwa daftari la mraba, herufi kubwa, na kabla sijamaliza sentensi mazungumzo yameshahamia kwa mambo ya maji na stima. Mtu aliyezoea kunyamazisha watu, sasa anangojewa kama mtoto anayefunga kamba za viatu.

Baada ya kidonda kupona ikaja mionzi. Wiki sita, siku tano kila wiki. Kamau akasema nikae kwake Mugutha, ni karibu. Nilikaa siku tatu. Mke wake ni mtu mzuri, lakini nikikohoa mezani watoto waliacha vijiko. Siku ya tatu niliona kikombe changu kimewekwa peke yake kwenye dirisha. Nikaandika: NAENDA. Kamau akasoma, akanifuata mpaka langoni.

"Baba, ni kikombe tu."

Nikapiga mstari chini ya neno. Akakasirika. "Hata bila sauti lazima ushinde." Hakunipeleka. Nilikodi chumba Mwiki, mtaa wa maghorofa, peke yangu, mtu mwenye nyumba zake kumi na mbili.

Ile miezi ya baridi niliyaona maisha ya Mwiki kupitia dirisha moja. Watu wengi kiasi hicho, na hakuna anayekujua. Wauza mboga wanaita, mahubiri yanatoka kila ghorofa, watoto wanacheza mpira wa makaratasi, na wewe uko katikati kama jiwe mtoni. Nilisikia majirani wakisema mlangoni pangu kwamba humu anakaa bubu. Hakuna aliyegonga. Nilipika uji, ukapoa, nikaupasha, ukapoa. Koo lilichomeka ndani mpaka maji yakawa kama mchanga. Nikijaribu kuomba, nilisikia tu hewa ikipita tundu. Miaka yote niliomba ili watu wasikie. Sasa hapakuwa na msikilizaji mwingine ila Mungu, na sikuwa na la kumwambia isipokuwa lile moja, na hilo nililizunguka kama mbwa anavyozunguka moto.

Kule kwa mionzi wanakufunga usoni kinyago cha plastiki kilichopimwa kichwa chako, na kinyago kinabanwa kwenye meza. Huwezi kugeuka. Mashine inazunguka na kulia. Ni dakika chache, lakini wewe na Mungu tu mko chumbani, wengine wote wametoka na kufunga mlango mzito.

Huruma ndogo zilikuwepo. Kwenye benchi la kungojea kulikuwa na mkulima wa Matuu aitwaye Mutua, naye wa koo, bado hajakatwa, sauti yake ya kunong'ona. Alikuwa analima matikiti. Mimi naandika, yeye anasoma akiwa ameshika daftari mbali kabisa, maana miwani alikalia ikavunjika.

"Andika kubwa, mzee. Hapa unaandika kama unaficha."

Siku moja nikamwandikia: MUNGU AMENICHUKULIA SAUTI KWA SABABU NILIDANGANYA. Akasoma mara mbili.

"Ulivuta sigara?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi usimsingizie Mungu. Mimi pia nilivuta, na sijadanganya mtu ila wanunuzi wa matikiti." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanirudishia daftari. "Lakini kama ulidanganya, hiyo bado iko. Ugonjwa haukuilipia. Ukipona utaipata pale pale uliiacha."

Wiki ya tano hakuja. Nilimwekea nafasi kwenye benchi kwa daftari langu. Siku ya nne mama mmoja mwenye kitambaa kichwani alisimama mbele yangu, nikaliondoa akaketi. Sikuuliza, kwa sababu kuuliza ni kuandika, na sikutaka kuona swali hilo limeandikwa.

Nilirudi Kiganjo mvua ya mwezi wa kumi na moja ikianza. Hospitali kulikuwa na binti anayefundisha watu kama mimi kusema upya. Hakuna sanduku, lakini unameza hewa kidogo, unairudisha kama mtu anayebeua, na juu ya huko kubeua unaweka neno. Neno moja, mawili, hewa imekwisha, meza tena. Sauti yake ni ya chura. Nilipoisikia mara ya kwanza nikaandika: MIMI SI CHURA. Binti akasema, "Sawa mzee, basi nyamaza." Alinijulia.

Nilijifunza kwenye banda la kuku, mlango ukiwa umefungwa. Alinipa maneno rahisi: baba, kaka, pata. Mimi nikachagua langu. Miezi miwili kuku wa Kiganjo waliambiwa neno moja tu, na wakalizoea wakaendelea kudonoa. Mbele ya binadamu sikulitoa hata mara moja. Niliendelea na daftari. Kamau hakujua naweza kusema.

Jumapili ya Meza ikafika. Nilivaa shati la kola, nikafunga kitambaa cheupe juu ya tundu. Wazee walikuwa wameniwekea kiti mbele. Nikapita, nikaenda benchi la mwisho, nikaketi kando ya Nyambura. Hakunisalimu. Akasogeza mkoba wake kidogo.

Sinia ikaja mikononi mwa Gathogo. Sikuchukua. Nikampa karatasi niliyoandika nyumbani, ya kusomewa kanisa, yote ikiwa ndani: gambuti, kikao, ua, miaka sita. Akaisoma akiwa amesimama. Nikaona shingo yake ikibadilika rangi. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti. Akainama akaniambia sikioni, kwa upole, "Mzee mwenzangu, hii tutaangalia kwenye kikao. Usijisumbue. Wewe ni mgonjwa."

Na hapo ningeweza kuketi. Nimejaribu, nimezuiwa, Mungu ameona. Nilikuwa na sababu nzuri mfukoni mwa mtu mwingine. Lakini nilikijua kikao. Nimekaa ndani yake miaka ishirini, najua vile jambo linavyolala humo mpaka linaota nyasi. Na sinia ilikuwa imeshampita Nyambura tena.

Nikasimama. Nikameza hewa.

"Gambuti."

Ilitoka kama kuti linalopasuka. Watu wakageuka wote. Watoto upande wa kushoto wakacheka, na kwa haki, hata mimi ningecheka. Nikameza tena.

"Za ndugu yangu."

Mama mmoja akawafinya watoto. Kamau, aliyekuja kutoka Mugutha siku hiyo, alisimama katikati ya kanisa mdomo wazi. Nikameza.

"Sikuona. Mtu."

Sasa hakuna aliyecheka. Jasho lilinitoka kama siku za nyundo. Nikameza ya mwisho, na hili ndilo neno ambalo kuku walilijua.

"Nilidanganya."

Nilitaka kuendelea, nimgeukie Nyambura nimwambie anisamehe, lakini kifua kilikuwa kinatetemeka, hewa haikushuka tena. Nikabaki nimesimama, kinywa wazi, bila kitu. Yeye alikuwa anaangalia mbele. Akavuta upindo wa koti langu, nikaketi.

"Hilo lingine," akasema polepole, "utaniambia ukipata hewa."

Kikao kilikaa, na mara hii hakikulala. Nyambura aliondolewa nidhamu kwa tangazo. Mimi nikavuliwa uzee na kuwekwa chini ya nidhamu mwaka mmoja. Gathogo hajaja kwangu tangu siku hiyo. Wengi hawaji. Naketi benchi la mwisho peke yangu, maana Nyambura alihama mbele baada ya mwezi mmoja, siku aliyochagua mwenyewe, bila haraka. Sinia inanipita. Ni upweke, sitakudanganya, nimemaliza mambo ya kudanganya. Lakini si upweke wa Mwiki. Mwiki nilikuwa peke yangu na lile jambo. Hapa niko peke yangu tu.

Kamau huja Jumamosi. Tunakunywa chai, kila mtu na kikombe kinachomfikia mkono. Ananiambia nasikika kama lango lililotiwa mafuta kidogo.

Nilipopata hewa ya kutosha nilienda kwa Nyambura. Ni hatua hamsini, zilinichukua asubuhi nzima. Gambuti ziko pale mlangoni, kiraka cha tairi kwenye kisigino. Safari hii niliinama. Akatoka akiwa anafuta mikono kwa leso, akangoja. Nikameza, nikasema, "Nisamehe." Neno moja, hewa moja, halikukatika.

"Nimesikia, Baba Kamau." Akakunja leso. "Kusamehe bado nafanya, ni kazi ya kila siku. Lakini nimesikia. Ingia, chai inapoa. Viatu acha hapo nje, nimepiga deki."

Nikavivua, nikaviweka kando ya gambuti.

Wewe unayesoma, labda tarehe yako ya thieta imeshaandikwa. Beba vitambaa vingi vya shingo, vya pamba. Beba daftari. Mtu akikuambia ugonjwa ni hukumu yako, mwambie habari ya Mutua. Lakini kama kuna neno umelizunguka, na sauti yako bado iko hata kama imekwaruza, litoe kabla hawajasukuma kitanda. Usiongee mambo ya viatu. Vyangu nilivikuta chini ya kitanda nilipoamka, pale pale nilipoviacha. Hakuna aliyevitaka.